Kushuka kwa Bei ya Mboga Kakuma Bila Kuulizwa Mimi

Kibanda cha Mboga,
Kakuma Mjini, Turkana.

Ndugu Mhariri wa Sauti ya Lodwar,

Ejok, kama tunavyosalimiana huku Turkana. Naomba unitafutie nafasi katika gazeti lako, na kama limejaa, tafadhali punguza habari za mpira.

Jina langu ni Chepkirui. Nilitoka Bomet miaka kumi na mmoja iliyopita, na tangu hapo mimi ndiye ninayeleta mboga Kakuma kwa lori kutoka Kitale. Mboga zangu hufika zimechoka, nakubali, lakini bei yake ilikuwa imesimama wima. Mwezi uliopita bei hiyo iliangushwa na mama mmoja wa makazi ya wakimbizi ya Kalobeyei hapa jirani, mkimbizi kutoka Sudan Kusini aitwaye Ayak. Amechimba vishimo kwenye kipande chake cha ardhi, anavimwagilia maji aliyooshea vyombo, na sasa anauza kunde, bamia na sukuma kwa nusu ya bei yangu. Tena mboga zenyewe zinakuwa zimechumwa asubuhi hiyo hiyo, jambo ambalo mimi naliona ni maringo.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Wateja wameharibika tabia. Zamani Mwalimu Manyok alipokea fungu la sukuma kwa mikono miwili, akiniombea baraka. Jumanne iliyopita alilishika kwa vidole viwili, akaligeuza, akaniuliza, "Mama Chepkirui, hii ilivunwa mwaka gani?" Na huyo ni mtu anayefundisha watoto heshima.

2. Siasa nayo imeharibika. Mheshimiwa Ekuru, mwakilishi wetu wa wadi, anatetea kiti chake, na kampeni yake yote ameijenga juu ya bei ya chakula. Alifika sokoni na vipaza sauti, akauliza, "Ndugu zangu, bei ya chakula iko wapi?" Alingoja watu wapige kelele kwamba iko juu. Wakajibu, "Ya mboga imeshuka!" Akajaribu kukimbilia unga, ambao kwa bahati yake bado ni ghali, lakini mama mmoja aliyeshiba akamuuliza mabomba ya maji aliyoahidi yako wapi. Mkutano ulivunjika hata soda hazijafunguliwa. Nilimhurumia.

3. Nimelifuata jambo hili kwa akili yangu mpaka mwisho wake. Ayak akiuza rahisi, majirani nao watachimba vishimo (tayari wameanza, nimeona). Wakila vizuri kila siku, watapata nguvu. Wakipata nguvu, watahudhuria vikao vya bajeti ya kaunti, ambavyo kwa sasa vinahudhuriwa na viti vya plastiki. Huko watauliza maswali, na itabidi wakubwa wayajibu. Sasa mkubwa anayejibu maswali tangu asubuhi hadi jioni atapata saa ngapi ya kutuongoza? Naomba wasomaji waone sukuma ilipotufikisha.

4. Mimi binafsi nilitendewa vibaya. Nilipanda bodaboda hadi Kalobeyei kwenda kumwonya Ayak, na njia nzima nilikuwa nayapanga maneno. Nilipofika nikaanza, "Wewe mama, unajua mimi ni nani?"

Akanisogezea kigoda. "Mimi najua. Wewe ni ile mama ya lori. Kula kwanza, kelele utafanya baadaye."

Akanipakulia kunde alizopika na karanga za kusaga. Mhariri, nilikula sahani mbili, na maneno yangu yote yakapotelea humo. Badala yake nikajikuta namwambia jambo ambalo sijamwambia mtu hata kanisani: kwamba lori likirudi na hasara mara nyingine mbili, nitafunga kibanda nirudi Bomet, na huko sina shamba wala kazi. Ayak akaniongezea kunde. Hiyo si haki. Nilikuwa nimekwenda kugombana, nikarudi nimefungashiwa.

Kwa hiyo naiomba serikali iamuru bei irudi ilipokuwa. Pia mboga za Kalobeyei zizungushwe juani siku mbili kabla ya kuuzwa, ili tushindane kwa usawa. Na Ayak akatazwe kupika mtu anapomjia na hasira.

Wasalimie wote hapo ofisini, pamoja na yule anayesahihisha sarufi, maana leo nimemletea kazi.

Ni mimi mwenye uchungu,
Chepkirui.

Baada ya sahihi: Barua hii imekaa kwangu wiki mbili kwa sababu nimekosa muda wa kuituma. Ayak alikuja Kakuma, akalizunguka lori langu, akauliza, "Kwa nini hii gari inaenda Kitale tupu?" Miaka kumi na mmoja, na sikuwahi kujiuliza. Alhamisi tukalijaza bamia na kunde zake na za majirani zake, nikashuka nalo Lodwar. Saa nne asubuhi hapakubaki hata jani. Sasa nasikia wauza mboga wa Lodwar wanataka kukuandikia kuhusu wanawake wawili wanaoharibu bei. Nakusihi, Mhariri, usiwachapishie barua hiyo. Watu wanataka kula.