Mzee Nyundo, Adui Yangu wa Kujitengenezea

Jumatatu, 3 Machi

Wasomaji wa blogu leo: kumi na mmoja. Tisa ni mimi. Wa kumi ni mchumba wangu. Wa mwisho simjui, na alikaa sekunde nne. Nampenda.

Mambo si mazuri. Baba wa mchumba wangu ni fundi cherehani. Kitambaa cha suti yangu ya harusi, cheusi, kizuri, kimelala kwenye rafu dukani kwake tangu mwaka jana. Fundi amesema mkasi wake hautakigusa mpaka aone kazi ninayofanya. Nikamwambia ninaandika mtandaoni. Akasema yeye ameuliza kazi. Mchumba ameninong'oneza kwamba uvumilivu wa baba unakaribia mwisho, na kwamba kuna mwenye duka la viatu anayepitapita pale kupima suruali asizozihitaji.

Nimesoma ushauri wa wataalamu wa blogu. Wote wanakubaliana: watu hupenda ugomvi. Na Kalamu ya Dhahabu (ndiyo mimi, lakini fundi hajui jina hilo) hana adui hata mmoja. Kumbe ndipo nilipokosea! Nitamtafutia.

Jumanne, 4 Machi

Adui amezaliwa asubuhi, juu ya meza ya kupigia pasi ya dada yangu, ambako mimi hufanyia kazi kabla mwenyewe hajaihitaji. Anaitwa Mzee Nyundo. Nimemfungulia blogu yake. Ni mtu asiyejua kuandika, maskini. Sentensi fupi, hakuna mbwembwe, hakuna hata ua moja la lugha. Makala yake ya kwanza inaeleza namna ya kutengeneza kigoda kinachoyumba. Nimeandika tu nilivyokitengeneza kile cha jikoni kwa dada, kwa kipande cha ndala ya zamani chini ya mguu mfupi. Dakika kumi. Sikurudia kuisoma. Mwishoni akamgusia Kalamu ya Dhahabu: kwamba huyo hupiga mluzi mtaa mzima kabla ya kusema hodi.

Kisha mimi nikamjibu. Kurasa sita. Kichwa cha habari: "Enyi Mabonde ya Ujinga, Pokeeni Mvua ya Hekima Yangu." Kazi ya mchana kutwa. Nililia kidogo katikati, kwa uzuri wake. Dada akaomba meza yake.

Alhamisi, 6 Machi

Ushindi! Wasomaji mia nne! Ugomvi umeshika moto!

Baadaye. Nimezitazama takwimu vizuri. Karibu wote wamekwenda kwa Mzee Nyundo. Wachache waliokuja kwangu walikuja kuniambia nimwache mzee wa watu. Mama mmoja ameandika kwamba kigoda chake sasa kimetulia na anamwombea Mzee Nyundo maisha marefu. Mimi hakuna aliyeniombea hata mafupi.

Dada ameshauri niandike kama huyo mzee. Nimemwambia ashughulike na pasi yake.

Ijumaa, 7 Machi

Barua kutoka kwa mhariri wa tovuti ya vifaa vya nyumbani! Huyu hununua makala zangu moja moja, kisha huzikata kichwa na mkia. Nikafungua. Anauliza kama ninaweza kumpatia anwani ya Mzee Nyundo. Anamtaka kwa kazi ya kudumu. Mkataba!

Dada akasema nikubali haraka, kwani Nyundo si ni mimi? Dada haelewi mambo ya heshima. Nimemjibu mhariri kwamba Mzee Nyundo ni mtu mgumu, mlevi, na hajui nukta inawekwa wapi. Mhariri amejibu kwamba hayo hayamsumbui hata kidogo. Kijiba cha roho kimenishika.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda dukani kumwamkia fundi. Shikamoo. Marahaba. Nikageuza macho ukutani, na pale palipokuwa na kalenda kuna Mzee Nyundo! Makala zake zote, zimechapwa kwenye karatasi na kubandikwa kwa pini za kushonea. Fundi huwasomea wateja huku akiwapima kiuno. Akaniambia huyu ndiye mwanamume. Mtu wa vitendo. Akaniuliza kama nimesikia habari za mpuuzi mmoja anayemsumbua, anayejiita Kalamu ya Dhahabu. Nikasema nimemsikia kwa mbali. Akasema siku akimpata atampima kwa rula yake ya chuma, na si kwa ajili ya nguo.

Mchumba akanisindikiza hadi kwenye kona. Akaniambia anajua. Kigoda chenye kipande cha ndala anakifahamu, amekikalia. Akanisihi nirudi ndani nimweleze baba, mambo yaishe, suti ishonwe. Akasema siku aliyonipenda kweli ni ile aliyonikuta nimelala sakafuni chini ya kigoda, nikipimapima, sijasema neno nusu saa nzima.

Nilifurahi. Kisha nikafikiri. Kumbe anampenda Nyundo!

Nimekataa. Suti yangu haitashonwa kwa sifa za mwanamume mwingine.

Jumapili, 9 Machi

Mzee Nyundo amefariki dunia.

Nimempa kifo cha heshima: alianguka akitengeneza paa la jirani. Tanzia iko kwenye blogu yangu, kurasa tisa, na nimemsamehe yote katika ukurasa wa pili. Kisha nikaifuta blogu yake, barua pepe yake, nywila zake, kila kitu, nisije nikashawishika kumfufua. Akili hii sijui nimeirithi kwa nani.

Jumatatu, 10 Machi

Wasomaji elfu sita! Wote kwangu! Wote wanalia! Baadhi wanadai nimemuua kwa maneno, lakini msomaji ni msomaji. Mhariri ametuma rambirambi na kuuliza kama marehemu aliacha makala zozote kwenye droo.

Fundi amefunga duka.

Ujumbe kutoka kwa mchumba: "Umefanya nini wewe?"

Jumanne, 11 Machi

Mchumba amesema niende kuungama leo au nisimtafute tena. Nikapiga moyo konde, nikaenda. Fundi alikuwa nyuma ya cherehani, macho mekundu. Nikamwambia Mzee Nyundo hajafa. Akainuka, uso ukang'aa kama wa mtoto. Nikamwambia Mzee Nyundo ni mimi. Akaketi. Akasema kijana mwenye adabu hafanyi mzaha na msiba.

Mchumba akanitetea. Akaeleza kigoda, ndala, yote. Fundi ni mtu wa haki. Akanipa penseli na ile karatasi anayochorea vipimo, akasema niandike namna ya kubadilisha sindano ya cherehani. Mistari mitano inatosha. Nyuma yake mchumba alinionyesha kwa vidole: fupi, fupi!

Na nilijua! Zima mashine. Inua sindano. Legeza skrubu. Lakini huyu alikuwa mkwe wangu, amevaa miwani, anangoja kusoma kazi yangu kwa mara ya kwanza. Ningempaje kitu cha kawaida? Nikaandika: "Ewe sindano, binti mwembamba wa chuma, ni nani aliyekufundisha kutoboa bila kujeruhi?" Nilipofika mstari wa ishirini, skrubu ilikuwa bado haijalegezwa.

Fundi akasoma yote. Akavua miwani. Akaniuliza, kwa upole ulionitisha, kama Kalamu ya Dhahabu ni mimi. Mchumba akajifunika uso.

Nimefika nyumbani na kiatu kimoja.

Alhamisi, 13 Machi

Mchumba hapokei simu. Nimelia tena, na safari hii si kwa uzuri wa chochote. Nimeshinda jikoni juu ya kigoda. Hakiyumbi hata kidogo. Ninamtaka yule binti kuliko wasomaji wote elfu sita, na nilikuwa sijawahi kujiambia hivyo.

Jioni dada amepita dukani, akarudi na habari kwamba fundi amekata kile kitambaa. Niliruka! Akaniambia nikae. Fundi ameshona vitambaa vya maombolezo vya kufunga mkononi, kwa ajili ya wateja wanaomlilia Mzee Nyundo. Kilichobaki kinatosha koti, suruali haitoki. Lakini hicho kilichobaki mchumba amekikunja na kukificha kabatini mwake, na mwenye duka la viatu alipomuulizia, mchumba mwenyewe alimjibu kwamba suruali yake iko tayari, aende zake.

Basi kuna matumaini. Kinachotakiwa ni akili tu.

Ijumaa, 14 Machi

Nimepata! Marehemu ana mjane!

Mama Nyundo amefungua blogu asubuhi. Makala fupi: namna ya kukunja nguo za marehemu zisiliwe na nondo. Wasomaji elfu mbili kabla ya mchana. Wa kwanza kumwandikia ni fundi mwenyewe. Kampa pole. Kisha akamwomba ushauri: binti yake amemng'ang'ania yule yule mpuuzi aliyemsumbua marehemu, analia usiku, hataki kusikia habari za mwingine. Fundi amechoka kuamua. Kama kuna mtu mwenye haki ya kumkataa au kumsamehe kijana huyo, amesema, ni mjane. Atakalosema Mama Nyundo ndilo litakalokuwa.

Harusi yangu iko mkononi mwangu mwenyewe!

Nimeandika jibu, la kutoka kwenye blogu ya mama ili wote wasome. Ili aaminike, Mama Nyundo alianza na kasoro zangu. Zilikuja zenyewe, mama huyu ana jicho kali, na anaandika vizuri kiasi cha kuudhi. Kurasa mbili. Kisha akanisamehe na kunisifu katika mstari mmoja, lakini mstari mtamu sana.

Halafu nikakumbuka wanachosema wataalamu: msomaji aachwe na hamu. Barua nimeigawa sehemu mbili. Ya kasoro nimeituma sasa hivi. Ya msamaha itatoka Jumatatu, maana wikendi takwimu huwa chini.