Ujane kwa Wanaoanza

Jumatatu, 10 Machi

Nisamehe, shajara. Tangu Krismasi sijakuandikia hata mstari mmoja. Nilikuwa nimenuna, na mtu aliyenuna haandiki vizuri. Viambishi humtoroka. Leo nimelazimika.

Tawi letu la njiwa wa mashindano, ambalo mimi ni mwenyekiti wake hapa mtaa wa Wincenty, limo hatarini. Teofil, katibu wetu, amerudi kutoka mkutano wa Kanda na habari mbaya. Tawi lisilofikisha wanachama kumi na watano ifikapo mwisho wa mwezi litaunganishwa na tawi jirani. Sisi tuko tisa. Katika hao tisa yumo marehemu Wiktor, ambaye hajawahi kuandika barua ya kujitoa.

Tawi jirani ni la ng'ambo ya reli. Mwenyekiti wake ni Alojz Piecha, kaka wa mke wangu. Mtu asemaye "njiwa zangu zimerudi". Nimemsahihisha tangu siku ya harusi yangu. Njiwa wangu wamerudi, Alojz. Ni viumbe hai, si nguo za kuanikwa. Na huyu ndiye atakayekuwa mwenyekiti wangu!

Jioni alipiga simu. Alisema mchezo umekufa, mgodi ulipofungwa nao ukafungwa, wamebaki wazee na kunguru. Nilimjibu kwa hoja. Njiwa wanaongezeka. Kila mwanachama anapofariki, njiwa wake hugawiwa waliobaki, na banda langu sasa limefurika. Waliopungua ni watu tu. Alicheka mpaka akakohoa.

"Njoo tu kwangu, shemeji," alisema. "Nitakuwekea kiti karibu na jiko."

Kamwe!

Jumatano, 12 Machi

Mpango wa kwanza: kuuonyesha umma uzuri wa mchezo. Nilimpeleka uwanja wa soko dume wangu bora, Profesa, ndani ya kikapu. Nilisimama juu ya benchi. Nilieleza kwa ufasaha kwamba ndege huyu, popote umwachiapo, hurudi kwenye banda la bwana wake bila kuuliza njia. Watu walikusanyika. Muuza soseji alizima redio yake.

Nilimwachia. Alizunguka mara moja juu ya kanisa. Kisha akavuka reli.

Alojz alimleta saa moja baadaye, ndani ya boksi la viatu. Alisema amemkuta akila pamoja na njiwa zake. Sikumsahihisha. Sikuwa na nguvu.

Alhamisi, 13 Machi

Mpango wa pili: kila atakayejiunga apewe njiwa wawili bure. Nilitangaza dukani kwa mwokaji mikate. Walikuja watatu kabla ya adhuhuri! Nikajiona nimeuokoa mchezo.

Wa kwanza aliuliza kama hawa wanafaa kwa supu ya mama aliyejifungua. Wa pili aliuliza vivyo hivyo, ila mgonjwa wake alikuwa na bronkaitisi. Wa tatu hakuuliza. Alirudi alasiri kusema walikuwa wadogo, na kama ninao wengine.

Nimefuta wanachama watatu. Tumerudi tisa, pamoja na Wiktor.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeng'amua kosa. Watu hawataki maonyesho wala zawadi. Wanataka elimu! Nami ni mwalimu mstaafu wa sarufi. Nitafundisha siri kubwa ya mchezo wetu: ujane.

Kila mfugaji anaujua. Wiki nzima humtenga dume na jike wake. Siku ya mashindano humwonyesha jike kwa kitambo kidogo, kisha humtia kikapuni na kumpeleka mbali. Hapo dume huruka kurudi nyumbani kama mtu aliyesahau maziwa jikoni. Madume wa namna hii huitwa wajane. Tumewaita hivyo tangu enzi za babu zetu.

Nimeandika tangazo kwa mkono, herufi zimelala sawasawa:

UJANE KWA WANAOANZA. Jumamosi ya tarehe 22, saa tisa alasiri, ukumbi wa zimamoto. Mkufunzi ana uzoefu wa miaka thelathini. Wote wanakaribishwa. — Ewald Musioł.

Teofil alishauri niongeze neno "njiwa". Nilimuuliza ujane gani mwingine angeutarajia kutoka kwangu. Hakuna mtu Wincenty asiyejua maana ya neno hili. Neno la ziada ni uzembe. Tumebandika kwenye ubao wa matangazo wa parokia, katikati ya zamu za kufagia kanisa na hija ya Mei.

Jumapili, 16 Machi

Misa ya saa nne. Nilipotoka, padri alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili na kuniambia Mungu ndiye mfariji. Nilidhani anazungumzia Profesa. Nikamwambia amesharudi. Alinitazama kwa muda mrefu sana.

Mwanamke muuza maua aliniambia shada kubwa lina punguzo. Alojz alivuka uwanja wa kanisa mbio, uso mweupe, akataka kujua dada yake yuko wapi. Nikamwonyesha. Elfryda alikuwa amesimama mbele ya ubao wa matangazo. Alikuwa amevaa miwani ya kusomea.

Tulirudi nyumbani. Aliweka sufuria mezani. Kisha akaketi.

"Miaka thelathini ya ujane, Ewald," alisema. "Na hizi supu zote nilikuwa nampikia nani?"

Nilimweleza kwamba tangazo halina kosa lolote la kisarufi. Nilikula roladi za nyama zilizopoa.

Jumamosi, 22 Machi

Ushindi! Niliingia ukumbini saa tisa kamili na hapakuwa na kiti kitupu. Wanawake kumi na mmoja, wote wamevaa vizuri, wengi wao kwa nguo nyeusi. Meza imejaa keki za jibini, ingawa ni Kwaresima. Mchezo unakua! Natamani Alojz angeona.

Nilianza bila kupoteza wakati. Nilisema jambo la kwanza katika ujane ni kutulia. Walitikisa vichwa. Nilisema siku za mwanzo huwa ngumu, hasa jioni, lakini chakula chepesi na ratiba thabiti husaidia. Mmoja alitoa kitambaa. Sijawahi kuwa na wanafunzi wasikivu kiasi hiki!

Bi Gertruda Skiba, aliyekuwa mpishi wa kantini ya mgodi, aliuliza ufanyeje na vitu vyake vya zamani. Nilisema uvitupe vyote na kutandika majani makavu mapya. Waliangaliana. Mwingine aliuliza kama kuna ubaya kumtafuta mwenzi wa pili. Nilisema si ubaya hata kidogo, mimi mwenyewe kila msimu hubadilisha wawili watatu, wakikosa hamu. Minong'ono. Bibi mmoja wa mstari wa nyuma, ambaye mumewe alikwenda kufanya kazi Ujerumani na hajaonekana tena, aliuliza kwa sauti ndogo kama huwa wanarudi.

Nilimhakikishia. Ukimwonyesha jike kabla hajaondoka, nilisema, hurudi hata kutoka Hamburg, labda akamatwe na mwewe.

Hapo ndipo Teofil alipoingia na kikapu na kumtoa Profesa.

Profesa akajisaidia juu ya keki.

"Kumbe ni njiwa, Mwalimu," alisema Bi Gertruda.

Nilimuuliza alidhani ni nini. Akanieleza. Alieleza kwa ufupi, na kwa sarufi nzuri, lazima nikiri. Walikuwa wamekuja kufundishwa namna ya kuishi baada ya waume zao. Walikuwa wamejiuliza kwa nini mkufunzi ni mimi, lakini walidhani parokia ina sababu zake.

Nilifunga daftari langu. Nilikuwa tayari kuondoka kwa mlango wa nyuma. Bi Gertruda akaanza kucheka. Akacheka na jirani yake, na jirani wa jirani yake, mpaka yule wa Hamburg naye akashika mbavu. Kisha akafuta macho. Alisema mabanda ya waume zao bado yako juu ya dari, matupu, na usiku upepo ukivuma milango hugongagonga kama kuna mtu.

"Ukumbi una joto, kahawa ipo," aliwaambia wenzake. "Turudi nyumbani kusikiliza mlango?"

Wamejiandikisha wote kumi na mmoja. Keki iliyobaki ilikuwa nzuri.

Jumapili, 23 Machi

Tuko ishirini! Pamoja na Wiktor. Tawi limeokoka na mimi ndiye niliyeliokoa. Nilimpigia Alojz kumwarifu kwamba mchezo haukufa wala hauugui. Alikaa kimya. Kimya kitamu kuliko muziki.

Elfryda naye amejiunga. Anasema kwa mujibu wa tangazo mjane ni mimi, basi yeye hana wa kumzuia kwenda anakotaka. Tuko ishirini na mmoja.

Jumatano, 26 Machi

Wasiwasi mdogo. Wanachama wapya wana maoni. Wanataka ukumbi upakwe rangi. Wanataka kikao kianze kwa kahawa, si kwa hotuba yangu. Wamewapa majina njiwa niliowagawia. Dume wa Bi Gertruda anaitwa Kisigino.

Nilipendekeza kanuni kwamba mwanachama mpya asipige kura hadi afaulu mtihani mfupi wa upatanisho wa kisarufi, sehemu ya njiwa. Ilipigiwa kura. Nilipata kura moja. Nilidhani ningepata mbili, lakini Teofil alikuwa na keki mdomoni na hakuweza kuinua mkono. Ndivyo alivyojitetea.

Ijumaa, 28 Machi

Mkutano Mkuu. Uchaguzi. Miaka kumi na minane sijapata mpinzani, kwa hiyo sikuandaa kampeni. Niliandaa hotuba ya shukrani tu.

Mwenyekiti mpya ni Bi Gertruda Skiba.

Nilidai kura zihesabiwe upya. Zikahesabiwa. Mara ya pili nilipungukiwa na kura moja zaidi, kwa sababu Teofil alitumia nafasi hiyo kubadilisha mawazo. Elfryda nilimwona kwa macho yangu akimpigia Bi Gertruda, mkono umenyooka kama wa mtoto anayejua jibu.

Bi Gertruda alinisogelea na kahawa. Alikuwa mpole. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Usinune, Mwalimu," alisema. "Tusingekuwa hapa bila wewe. Kamati ya vikapu nakuachia wewe."

Kamati ya vikapu huosha vikapu. Ina mjumbe mmoja.

Jumatatu, 31 Machi

Nimepata dawa! Sijui kwa nini sikuiona mapema. Wanawake hawa walijiunga kutokana na kutoelewa maana ya neno. Uanachama uliojengwa juu ya maana isiyo sahihi si uanachama. Ni kosa la lugha, na kosa la lugha hufutwa. Nimewaandikia Kanda rufaa ya kurasa saba, yenye tanbihi, nikiomba wanachama wote wapya waondolewe na uchaguzi ubatilishwe.

Elfryda aliisoma akiwa amesimama. Alisema nikishinda tutarudi tisa, na tukirudi tisa nitakuwa chini ya Alojz.

Nilimjibu kwamba nani atakuwa mwenyekiti ni jambo moja, na nani alikuwa sahihi ni jambo jingine kabisa. Wanawake hawapendi kutenganisha mambo. Akaenda kikaoni bila kuniaga.

Rufaa ilihitaji shahidi kutoka tawi jingine. Nilivuka reli kwa miguu, nikiwa nimejiandaa kwa mabishano makali. Hapakuwa na mabishano. Alojz alitia saini kabla sijamaliza kueleza hoja ya kwanza. Akaipeleka posta mwenyewe, mvua ikinyesha, nisije nikalowa. Kisha akaninunulia bia, akanipigapiga mgongoni, akaniuliza napenda kukaa upande gani wa jiko.

Miaka yote hii sikujua kwamba shemeji anaipenda haki kiasi hicho.

Kanda watakaa baada ya Pasaka. Wakishaamua, nitaandika.