Kambakoche wa Harusi ya Morag

Jumapili, 8 Juni
Safari imeanza! Harusi ya Morag ni Jumamosi, Calgary, upande wa pili wa Kanada. Mimi ndiye baba, mimi ndiye wa kumshika mkono hadi madhabahuni. Mke wangu Effie atapanda ndege na dada yake na mume wa dada huyo, Wendell, mwanyumba wangu, mtu ambaye hata akipiga chafya husubiri makofi. Kiti changu kilikuwepo. Nimekataa. Nyuma ya gari nina masanduku ya barafu, yamejaa kambakoche hai wa kisiwa chetu cha Cape Breton, kucha zimefungwa mipira. Wendell anapeleka seti ya sahani. Sahani! Effie kaniuliza kama binti yangu anaolewa au anafunguliwa mgahawa. Nikawasha gari.

Jumanne, 10 Juni. Quebec
Barafu iliyeyuka jana. Nikachukua chumba kwenye hoteli ya barabarani, nikajaza maji beseni la kuogea, nikamimina chumvi yote ya duka la jirani. Bahari si maji na chumvi? Asubuhi nusu yao wamekufa. Mama mwenye hoteli kashika kiuno, kasema Kifaransa kingi. Nilielewa neno moja tu: nje.

Jumatano, 11 Juni. Kaskazini mwa Ziwa Superior
Msitu, mawe, msitu tena. Waliobaki walinitazama kwa huzuni. Nikawahurumia, nikawakata mipira ya kucha wapate kujinyoosha. Kosa! Mmoja alitoka sandukuni, akatambaa hadi kwenye kanyagio, akanibana kidole gumba cha mguu. Nilikuwa na ndala. Gari mtaroni. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nami langu limevimba. Kijana wa gari la kuvuta magari aliniomba samahani mara nyingi, utadhani mtaro kauchimba yeye. Kisha akachungulia ndani. "Mzee, hawa si huwa wanafungwa?" Nikamwambia hawa ni wapole.

Ijumaa, 13 Juni. Winnipeg
Wote wamekufa. Gari linanuka hata mimi naona haya. Effie kapiga simu: achana na hao wadudu, endesha, mtoto anakuulizia kila saa. Muda ulikuwepo, ningeondoka asubuhi ile ile ningefika leo leo. Lakini niingie mikono mitupu, Wendell anicheke? Nimezunguka mji mchana kutwa. Nimepata! Sanduku zima, wazima kabisa. Lebo imeandikwa jina la bandari yetu ya nyumbani. Wamekuja jana kwa ndege. Sitamwambia mtu.

Jumamosi, 14 Juni. Calgary
Usingizi ulinikamata pembeni mwa barabara, Saskatchewan. Nikaamka jua liko juu. Nimefika kengele zinalia, watu wanatoka kanisani. Morag na mumewe mbele, Wendell nyuma yao na ua kifuani. Ua langu, la baba wa bibi harusi. Waliningoja hadi padri akachoka. Nikasimama pale na sanduku linavuja viatuni. Morag hakufoka, afadhali angefoka. Alisema tu, "Baba, mimi nilitaka mkono wako." Wendell naye akaja, mpole ajabu: "Pole, mwanyumba, nilikushikia nafasi tu." Hakunicheka hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Najuta. Nimelia chooni, bomba nimelifungulia wasinisikie. Kambakoche hawakupikwa, jikoni walikuwa wameshachoma ng'ombe.

Jumatatu, 16 Juni
Effie kaniachia tiketi ya ndege mezani. Asubuhi Morag kanifuata kwenye gari. Akaniomba nibaki hadi kesho, tule chakula cha mchana mimi na yeye tu, tuzungumze kabla hajaenda fungate. Machozi yalinilenga. Ni mtoto mwema huyu, sijui karithi kwa nani. Lakini nimesikia Wendell anapeleka nyumbani nyama ya ng'ombe wa huku Alberta kwa ndege, kifurushi kidogo tu cha kujionyesha. Mimi nimejaza ya kwangu masanduku yote, na nyama haina kucha! Nimembusu Morag kwenye paji la uso, nikamwambia haiwezekani, mwanangu, barafu inayeyuka.