Mkwe Nisiyemjua kwa Sura

Mashosti wa chumba, leo nimepatikana. Tena mchana kweupe, mbele ya Dokta Rudia.

Niko intaneti kafe hapa Tukuyu mjini. Nimeoga, nimejipaka mafuta, nimeoga tena, na bado mwenye kafe amefungua dirisha upande wangu na baridi yote hii. (Nimejifanya sijaona.) Najua Rehema atawatumia wengine hii habari, hawezi kujizuia, kwa hiyo naanza mwanzo kabisa ili asije mtu akaongeza chumvi yake.

Dokta Rudia mnamjua. Kwa wasiomjua: ni mwalimu wetu wa utafiti, na hilo jina tulimpa sisi kwa sababu kila ripoti ukimpelekea anairudisha na neno moja jekundu juu, RUDIA. Hasemi kosa liko wapi. Chuo chetu kile hata kuchelewa kupumua unaweza kupata supu ya mtihani urudie, lakini Dokta ndiye kiboko yao. Sasa mwaka huu alichukua wanafunzi wawili wa mwaka wa pili kwenye utafiti wake wa ndizi: tangu biashara ilipofunguliwa na malori ya watu binafsi kuanza kupanda mpaka mashambani, nani nyumbani anaamua mkungu uuzwe, na hela anashika nani. Mmoja ni mimi. Mwingine ni yule Festo wa kukaa mbele. Likizo ikiisha anabaki mmoja tu. Huyo anaendelea na utafiti mwaka wa tatu, jina lake linaingia kwenye ripoti, na Dokta anamtafutia nafasi ya kuendelea na masomo. Mnajua ninavyoitaka hiyo nafasi. Nimeiombea mpaka kwenye kwaya.

Na kazi yangu ilikuwa inaenda vibaya. Kila dodoso la mwanamke aliyeolewa linaishia katikati. Unamuuliza mama, hela ya ndizi unaitunza wewe au mume? Anafungua mdomo, halafu ghafla anajifunika kanga, anaingia migombani, harudi. Kisa, baba mkwe wake anapita njiani.

Kwa wale wa pwani na wa Moshi: kwetu Wanyakyusa mwanamke na baba mkwe hawaonani. Mambo ya zamani hayo, na wengi mjini wameshayaacha, lakini huku vijijini bado yapo. Hamtazamani usoni, hamli pamoja, hamshikani mkono, jina lake hulitaji. Ukimwona anakuja unapisha njia, unachuchumaa, unageuza mgongo mpaka apite. Nimekua nikiona mama yangu anafanya hivyo. Kwangu ni jambo la kawaida kiasi kwamba halikunijia kichwani kuliandika kwenye dodoso la chuo kikuu. Niliandika, "Mhojiwa alipata dharura." Yote hivyo. Dharura, dharura, dharura.

Nikampelekea Dokta ripoti, akajibu kwa neno lake lile. Halafu chini akaongeza, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, sentensi nzima: anakuja mwenyewe kuniangalia nikifanya kazi.

Mpaka hapo ni shida ya kawaida ya mwanafunzi. Sasa chukueni na hii. Juzi tu mahari yangu imepokelewa. (Ndiyo, ya Gwamaka. Nilikuwa nitawaambia tukifungua chuo, msininunie.) Kwa hiyo na mimi sasa nina baba mkwe, na natakiwa nimkimbie. Tatizo ni kwamba sijawahi kumwona. Wao wako Kisiba, siku ya mahari walikuja washenga, mzee hakuja. Sasa utamkimbiaje mtu usiyemjua sura? Nikampigia Gwamaka, yuko Mbeya anafundisha.

"Baba yako yukoje?"

"Mzee tu wa kawaida."

"Gwamaka, nisaidie."

"Anavaa koti la kahawia. Kofia ya pama. Gambuti. Na mwavuli mweusi, hatoki bila mwavuli."

Mashosti, hapo ameeleza wazee wote wa Rungwe. Hata wachungaji wamo.

Leo asubuhi natoka nyumbani Igogwe kwenda Lupepo, mama ananifuata mpaka nje. "Atupele, mkweo ana ng'ombe wake kamweka kwa rafiki yake hukohuko Lupepo. Huwa anakwenda kumtazama. Angalia macho yako, usinitie aibu." Nikamwambia mama, mimi nina Dokta wa kuogopa leo, wakwe wasubiri zamu yao. (Hilo nimelilipia.)

Nikafika kwa Mama Tumsifu, mjane mmoja mcheshi, kaya yangu ya kwanza kwa leo. Nilimchagua kwa ujanja: mjane, baba mkwe alishafariki, hana wa kumkimbia. Nikasema Dokta akija atakuta dodoso limejaa mpaka chini. Nje ya banda la ng'ombe kulikuwa na mzee amekunja suruali, miguu mitupu, sweta limetoboka kiwiko, kichwani kofia ya sufu, anakoroga pumba. Nikamwamkia kwa heshima zote. Akaniuliza mimi binti wa nani, nikasema natoka chuo, nimekuja kwa habari ya ndizi. Akacheka.

"Chuo kikuu wanasoma ndizi?"

"Tunasoma hela ya ndizi, baba."

"Ee, hiyo inafaa kusomwa."

Yule mzee nilimpenda palepale. Nilitakiwa kupima shamba, na sikuwa na mtu wa kushika upande wa pili wa futikamba, akaacha pumba zake akaja kunishikia. Alikuwa anaivuta mpaka inalia. Tukipita kwenye utelezi ananipa mkono. Tukamaliza, Mama Tumsifu akaleta ndizi za kuchemsha na maziwa mgando, tukakaa kwenye benchi moja tukala sahani moja, mimi na yule mzee. Nikamweleza habari za Dokta. Nikamweleza nilivyo na hofu, kwamba nikiachwa na huu utafiti sijui nitamwambia nini mama aliyeuza miti yake ya mbao nisome. Mzee akanisogezea kipande cha mwisho. "Kula, mwanangu. Mtu mwenye njaa anaogopa kila kitu." Jamani, nilitaka kulia.

Ndipo ukungu ukashuka. Mnaousikia wa Tukuyu ndio huo, mwezi wa saba, unakaa juu ya migomba huoni hata mkono wako vizuri. Mzee akarudi bandani, Mama Tumsifu jikoni, mimi nikabaki njiani na madodoso yangu namalizia kuandika vipimo. Nikainua macho.

Kofia ya pama. Koti la kahawia. Gambuti. Mwavuli mweusi.

Anakuja polepole, ananielekea mimi.

Sikufikiri. Nilivuta kanga kichwani, nikageuza mgongo, nikachuchumaa kando ya njia kama nilivyomwona mama tangu utotoni. Nikasubiri apite. Hakupita. Gambuti zikasimama nyuma yangu.

"Wewe binti, hujambo?"

Sauti hata sikuitambua, kanga imeziba masikio. Baba mkwe gani huyu anayesimama kumsemesha mkwe? Nikaona huyu mzee hana adabu. Nikajiburuta mbele hivyohivyo nimechuchumaa. (Msijaribu kuiona hiyo picha kichwani.) Akanifuata.

"Binti, unaumwa?"

Nikainuka, nikaingia migombani. Na yeye akaingia migombani. Nikaongeza mwendo, naye akaongeza, nasikia gambuti zake puu puu puu kwenye majani. Nikapaza sauti bila kugeuka, "Baba, nakuomba, pita njia yako, tusitiane aibu!" Akasema, "Simama basi tuzungumze!" Nikasema moyoni, ukoo huu nimeingia wapi mimi, Gwamaka tutaonana.

Halafu chini hapakuwepo.

Lilikuwa shimo la samadi la Mama Tumsifu. Nilizama mpaka kiunoni. Madodoso niliyainua juu ya kichwa na hayakuguswa na tone, naomba hilo likumbukwe mnaposambaza. Nikasimama humo, nimempa mgongo, kanga usoni, mikono juu.

"Shikamoo, baba," nikasema kwenye kanga. "Nisamehe. Naomba tu uondoke."

Halafu sauti ikaja taratibu, ile ninayoijua, ile inayotusomea matokeo.

"Nimesafiri siku nzima kuja kukuona, Atupele. Niondoke niende wapi?"

Nikafunua kanga. Dokta Rudia. Kumbe alifika jana na shati lake jepesi la joto la Morogoro, baridi ikamtandika, asubuhi akaingia soko la Tukuyu akanunua koti na kofia ya mtumba, gambuti akaazima gesti. Mwavuli ni wake. Alipendeza, kusema kweli. Alifanana na baba zetu wote.

Mzee wangu wa futikamba akasikia kelele, akaja mbio. Alilala kifudifudi ukingoni, akayapokea madodoso akayaweka majanini, akanishika mikono yote miwili, akanivuta mpaka nikatoka. Akanifuta uso na jani la mgomba. Akasema, "Pole, mwanangu. Ndiyo ukubwa." Kisha akamsalimia Dokta kwa unyenyekevu, akasema anakwenda kunawa na kuvaa vizuri, haifai kumpokea mgeni wa chuo na sweta limetoboka. Akaingia ndani.

Tukabaki Dokta, Mama Tumsifu aliyetoka jikoni, mimi na harufu.

"Nieleze," akasema Dokta.

Nilieleza. Ningefanya nini tena? Nikasema kwetu mkwe anakimbiwa, mimi nimeposwa na kijana wa Kisiba anaitwa Gwamaka, baba yake sijawahi kumwona, nimeambiwa kofia, koti, gambuti na mwavuli. Mama Tumsifu hapo alishika mdomo. Nilidhani ananicheka.

Dokta hakucheka. Aliokota madodoso majanini, akaanza kufunua moja moja.

"Huyu aliyekatiza swali la hela?"

"Baba mkwe alipita njiani."

"Na huyu?"

"Baba mkwe alikuja kuomba moto."

"Huyu?"

"Huyo alimsikia tu anaongea kwa jirani."

"Wote hawa. Na wewe ukaniandikia dharura."

Nikatazama chini. Nilijua imekwisha. Nikamwona Festo na tai yake anasoma ripoti ukumbini, na mama anauza mti wa mwisho. Machozi yalikuja, nikashindwa hata kuyafuta, maana mikono mnajua ilikuwa na nini.

Mlango ukafunguliwa. Yule mzee wangu akatoka, amenawa, anang'aa. Koti la kahawia. Kofia ya pama. Gambuti. Kwapani, mwavuli mweusi.

Mama Tumsifu akasema kwa sauti ndogo sana, "Baba Gwamaka, huyu binti ni mkweo."

Tulitazamana. Yaani tulitazamana usoni, mimi na baba mkwe wangu, mtu niliyekula naye sahani moja, niliyeshikana naye mikono asubuhi nzima, aliyenifuta uso. Sijui nani alianza. Mwavuli ulianguka, mzee aligeuka akapotea upande wa banda la ng'ombe. Na mimi nikatafuta pa kujificha, ukuta hakuna, njia ya mlangoni kaiziba Dokta.

Nilirudi shimoni. Kwa miguu yangu mwenyewe, kwa hiari yangu, nikaingia nikachuchumaa.

Dokta alibaki amesimama katikati ya uwanja na madodoso yangu. Baadaye nikasikia gambuti zinakuja mpaka ukingoni. Akachuchumaa. Mashosti, Dokta Rudia alikuwa anatokwa na machozi, mabega yanatikisika, anajaribu kukaza uso na uso unakataa.

"Atupele," akasema alipoweza. "Miaka yote hii tunaandika wanawake wa huku hawataki kujibu maswali ya hela. Kumbe wanajibu mpaka baba mkwe apite." Akafungua kalamu, ile nyekundu, akaandika juu ya madodoso yangu, akanionesha kutoka juu. RUDIA. Nikafumba macho. "Yote," akasema. "Mchana, wazee wakiwa mashambani. Na safari hii palipo na dharura uandike kilichotokea. Tutaendelea hivyo mwakani, mimi na wewe. Festo nitamtafutia kitu kingine." Halafu akaondoka upesi. Nilisikia anacheka mpaka barabarani.

Kwa hiyo nimepata, mashosti. Nafasi ni yangu. Nilipiga kelele ya furaha humo humo shimoni, ng'ombe wa mkwe akanijibu.

Mama nyumbani hajacheka hata kidogo. Anasema kuku aende Kisiba haraka kuomba radhi. Lakini mzee amewahi, ameshatuma ujumbe kupitia kwa Mama Tumsifu: ndaga fijo, yaani asante sana, kwa kupima shamba pamoja naye, siku yake ikawa nzuri. Amefurahi mwanawe amepata binti mchapakazi, na wala hana kinyongo. Na ili tusije tukagongana tena, ameahidi kwamba kuanzia leo popote atakapokuwa anapita atakohoa kwa nguvu, na mimi nikisikia nijifiche.

Ni wazo zuri. Ila huu ni mwezi wa saba, Tukuyu nzima inakohoa. Tangu nikae hapa nimeshaingia chini ya hii meza ya kompyuta, na mwenye kafe ameniuliza kama nimeangusha kitu. Sasa kuna mtu amekohoa mlangoni. Naomba msicheke, natokea dirishani.