Kengele ya Juu ya Mnara

Jumatatu, 4 Agosti
Balaa! Binti yangu yumo kwenye orodha. Vijana wa kanisa lao wanafika kesho, hapa hapa kambini. Miaka mitatu namwambia kwa simu kwamba mimi ndiye mkufunzi mkuu wa mnara wa kupanda. Ukweli ni kwamba natunza stoo. Nasuuza kofia ngumu, nakagua na kuanika kamba. Mnara naujua kwa chini tu. Ana miaka kumi na sita na ndiye mtu pekee anayejivunia mimi. Sitaki anikute na ndoo.

Jumanne, 5 Agosti
Amefika. Alivyorefuka! Kauliza napanda lini. Nikasema Alhamisi, kwa sauti nzito. Mkufunzi wa kweli, tunayemwita Mjusi, alisikia na kucheka. Wivu huo.
Mpango: viatu vyake vya kupandia vipotee. Nijitolee. Nipande mita mbili, nipunge mkono, nipigwe picha, nishuke. Kazi kwisha.

Jumatano, 6 Agosti
Nilificha viatu kwenye sufuria kubwa. Mpishi akavikuta, akaja juu. Nikavihamishia chini ya mimbari. Nilimwomba Mungu msamaha na, kama inawezekana, mvua. Ibada ya jioni vijana wakaomba jua. Wao arobaini, mimi mmoja.

Alhamisi, 7 Agosti
Jua kali. Mjusi hana viatu, nikajitolea. Mchungaji, mama anayeongoza kambi yetu, akapiga makofi na kusema basi nipande hadi juu nigonge kengele. Hadi juu!
Hapa kwetu hupandi mpaka mshika kamba wa chini aseme, “Nimekushika.” Mchungaji akauliza nani atanishika. Binti yangu akanyoosha mkono. Mjusi kawafundisha siku mbili nzima.
Mita nne, nikakwama. Nikaukumbatia mnara kama mtoto na mguu wa mama yake. Kisha nikamsikia akirudia: “Baba, nimekushika.”
Nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia, mbele ya Mjusi na wote, kwamba mimi si mkufunzi, ni mtu wa stoo. Akajibu kwamba anajua. Mama yake alimwambia zamani. Akasema kamba aliyoishika nimeikagua mimi, ndiyo maana yeye haogopi.
Nililia huko huko juu. Alinishusha polepole mpaka miguu ikagusa ardhi. Kengele sikuigusa. Sijawahi kukumbatiwa vile.

Ijumaa, 8 Agosti
Mchungaji kaviona viatu akiwa katikati ya mahubiri. Kaniangalia mimi tu. Nitafagia kanisa mwezi mzima. Nimestahili.
Kabla ya basi kuondoka, binti yangu alinisaidia kusuuza kofia zote arobaini. Tulicheka sana. Nikamwahidi sitadanganya tena, na nilimaanisha.
Mchana kitinda mimba wangu kapiga simu. Yeye anakuja Desemba. Kauliza mimi hasa nafanya kazi gani. Nikasema ukweli: niko stoo. Akasema, “Aah.” Basi.
Hiyo “aah” iliniuma. Nikaongeza kwamba mkuu wa mitumbwi pia ni mimi.
Kuna miezi minne. Kwanza nijue Mjusi anaweka wapi makasia. Halafu nijifunze kuogelea.