Pikapu Yangu Mbele ya Msafara wa Bibi Harusi

Leo nimeaibika, jamani. Tena si ile aibu ya kuonwa na mtu mmoja akapita zake. Nimeaibika mbele ya ukoo mzima, huku matarumbeta yanapigwa.

Mnaijua pikapu yangu, ile ninayobebea mahindi kutoka Sigino. Siku moja nikiwa napanda mlima, bajaji ikanipita. Bajaji! Na dereva wake akanipungia mkono. Nilifika nyumbani Maisaka nimevimba kwa hasira, nikaingia mtandaoni, nikaagiza kidude cha kuiongezea injini nguvu. Ni kidogo tu, unakichomeka kwenye tundu lililo chini ya usukani, pale mafundi wanapochomeka mashine yao ya kupimia gari. Kina taa tatu. Kijani ni mwendo wa kawaida, buluu ni kwa wenye haraka. Kuhusu nyekundu, kijana aliyeniuzia alisema, "Hiyo, mama, usiiguse kwanza."

Leo asubuhi nimeweka nyekundu. (Mimi ukinikataza kitu ndiyo umenikumbusha.)

Kwa nini leo? Kwa sababu leo mdogo wangu Paskalina alikuwa anaolewa, na mimi ndiye niliyepewa heshima ya kubeba matarumbeta. Na mnajua, gari la matarumbeta likishatangulia msafara halipitwi na mtu. Padre naye alikuwa ametuonya mapema: ana misa nyingine kigangoni, kwa hiyo saa nne bibi harusi asipokuwepo mlangoni, yeye anaondoka na ndoa itafungwa siku nyingine. Mdogo wangu alikuwa hajalala kwa sababu ya onyo hilo.

Kutoka Maisaka gari likiwa tupu, weee! Nilijiona rubani. Nikaipita bajaji moja nikaipungia. (Sijui kama ndiyo ile, ila roho ilitulia.)

Nyumbani kwa wazazi, Nakwa, wapigaji wakapanda nyuma na ngoma lao kubwa. Mpiga picha naye akapanda, maana harusi ilikuwa inarushwa mubashara kwa ndugu walio mbali. Nikagusa mafuta kidogo tu. Pikapu ikaruka! Mwenye ngoma akamkalia mwenye tarumbeta.

"Dada, taratibu! Sisi siyo mahindi!"

Tulipoanza kupanda kilima, injini ikakohoa. Taa ya njano ikawaka kwenye dashibodi, nguvu zikaisha. Nikakanyaga mafuta mpaka mwisho. Kilichoongezeka ni moshi mweusi tu. Msafara mzima ukawa unatambaa nyuma yangu, na saa inakwenda.

Nikatoa mkono dirishani. Piteni! Piteni! Gari la bibi harusi likapiga honi za furaha. Kina mama kwenye basi la kosta wakatoa vitambaa wakanipungia na wao. Walidhani nacheza! Nikapunga kwa nguvu zaidi. Vigelegele vikazidi.

Mzee mmoja wa Kibarabaigi aliyekuwa anaswaga ng'ombe pembeni ya barabara akatufikia, akawa anatembea sambamba na dirisha langu.

"Shikamoo, baba," nikamwamkia. (Ningefanyaje? Nafasi ya kusalimiana tulikuwa nayo.)

"Marahaba. Gari inaumwa?"

"Kidogo tu, baba."

"Pole. Sisi tunatangulia."

Na ng'ombe wote wakatupita.

Hapo nikamwona baba yangu mzazi kwenye kioo. Ameshuka kwenye gari la bibi harusi, suti na ua kifuani, anakuja kwa miguu katikati ya moshi. Alinifikia bila hata kukimbia. Uso umejaa masizi, macho ndiyo yanaonekana.

"Mama Juniori, hii ni harusi au tunasindikiza maiti?"

"Gari limegoma, baba."

"Jana lilikuwa zima. Umelifanya nini?"

Nikasogeza mguu kukificha kidude. Akachungulia, akaona taa nyekundu inamulika miguuni pangu.

"Na hicho?"

"Kinaongeza nguvu."

Baba akatazama mbele, ambako ng'ombe wa mwisho alikuwa anaishia kwenye kona.

"Kitoe."

Nikazima gari, msafara ukasimama. Kidude kikagoma kutoka. Ikabidi nishuke, nipige magoti barabarani, niingize kichwa chini ya usukani, sehemu nyingine zote zibaki nje. Nikavuta. Nikavuta tena kwa hasira. Kikatoka! Na zipu ya gauni langu mgongoni ikaachia, kuanzia shingoni mpaka kule ambako zipu huishia.

Wapigaji wakaona mambo yamechangamka, wakabadilisha wimbo.

Simu ya baba ikaita. Ilikuwa kwenye spika, tukasikia wote. Shangazi, yuko Mwanza: "Kaka, mwambie Mama Juniori afunge nguo! Huku tumekaa na mchungaji!"

Nikageuka. Mpiga picha alikuwa ameshashuka, amesogea karibu kabisa ili apate picha nzuri. Niliomba ardhi inimeze. Baba alivua koti lake, akanifunika, akarudi kwenye gari lao.

Nikawasha. Injini ikanguruma kama zamani! Sijawahi kuupenda mlio ule mbovu kiasi hicho. Tulifika kanisani padre akiwa ameshika mlango wa gari lake. Akamtazama baba kuanzia usoni mpaka viatuni.

"Mzee, umetoka kuchoma mkaa?"

"Padre, fungisha ndoa kwanza. Mengine tutakuja kuungama."

Akafungisha! Nilikaa benchi la nyuma na koti la baba, nikalia kwa kushukuru mpaka mama mmoja akadhani bwana harusi alikuwa wangu.

Wakati wa kutoka, Paskalina alinikumbatia. Nikaanza kuomba msamaha, akanikatiza.

"Dada, mwenzio nilikuwa natetemeka. Ulipoinama pale nilicheka mpaka woga ukaisha."

Basi mdogo wangu ameolewa, mimi nimepona. Kama ile video imeshakufikia, nakuomba sana umtazame bibi harusi. Kapendeza.