Dhoruba Niliyoileta kwa Jembe

Jumatatu, 15 Mei 1967

Mkongani. Nimepata kazi ya serikali, alhamdulillahi. Nalinda banda la kupimia sumaku ya dunia. Ndani mna sindano ya sumaku inayoning'inia kwa uzi. Ikitikisika, kalamu inachora kwenye karatasi. Chuma ni marufuku hapa. Hata funguo naziacha mbali. Mtaalamu Garama, mwenye banda, amesema mstari ukibaki bapa hadi mwisho wa mwezi, watafunga. Nami nataka kumwoa Mwanapili. Baba yake hamwozi binti yake kwa asiye na kazi, na amekwisha kuniambia kwamba kuitwa Waziri si kazi.

Jumatano, 17 Mei

Mstari bapa kama chapati. Wanataka dhoruba ya sumaku? Wataipata. Asubuhi nimeegemeza jembe nyuma ya banda. Kalamu ikaruka! Adhuhuri nikaliondoa, nikaenda kuswali kwa moyo mweupe.

Jumamosi, 20 Mei

Garama amekuja. Ameutazama mstari, kisha akanitazama mimi. Eti dhoruba ya kweli haipandi kama ngazi ikashuka saa ya sala. Akaeleza. Jua huvuma upepo wenye sumaku. Upepo huo ukiipita dunia, huko juu kunazuka uga wa umeme. Uga nao husukuma chembe za umeme kutoka upande wa usiku, zikaja kutuzunguka. Hapo sumaku ya huku chini hupungua, mstari ukaporomoka, kisha ukapona polepole kama mgonjwa wa homa. Nikauliza uga huo una ekari ngapi na ni wa nani. Akaikunja karatasi.

Alipouliza nani ameleta chuma, nimemtaja jirani yangu Shutu, aliyeitaka kazi hii akaikosa. Ameitwa, amekemewa mbele za watu. Ameondoka akigeuka kunitazama hadi kona. Sikuupenda mtazamo ule.

Alhamisi, 25 Mei

Kalamu imeporomoka! Shutu huyo. Amefukia chuma hapa kunilipizia kisasi. Nimeshika jembe, nimechimba upande wa mashariki wote. Nimepata viazi vitamu tu.

Ijumaa, 26 Mei

Nimechimba na magharibi. Kila nikiusogelea ukuta na jembe langu, kalamu inacheza zaidi. Dalili njema, chuma ki karibu. Shutu amesimama mpakani, akauliza kama napanda muhogo wa serikali. Nikazidi kuchimba. Mikono ina malengelenge.

Jumapili, 28 Mei

Garama amefika mbio. Eti Alhamisi na Ijumaa ilikuwa dhoruba ya kweli, kubwa kuliko zote alizowahi kuziona, na vituo vya dunia nzima vimeinasa. Karatasi yetu imenasa jembe. Amekaa ndani ya shimo langu, machozi yanamtoka. Nimemhurumia kwa dhati. Nimemwambia asijilaumu.

Shutu ndiye mlinzi mpya. Kwa Mwanapili sijathubutu kupita.

Jumatano, 31 Mei

Mungu hamtupi mja wake. Garama, ili nikae mbali na sumaku, ameniombea kazi Matuga: kulinda kipimo cha mvua. Baba yake Mwanapili amekubali, mradi nidumu kazini. Mkubwa wa huku amenionya kwamba masika yanaisha, na mahali pasipo na mvua hapahitaji mlinzi. Nimekikagua kipimo chenyewe. Ni mtungi mdogo, mdomo wazi. Kisima hakiko mbali, na ndoo nimeshaazima.